Maswali ya Leseni Ndani ya Eda

Ushongo, 12 Februari 2025

Kwa wifi yangu Asmahani,

Assalaam alaikum. Natumai u mzima huko Ngamiani, wewe na wanao. Sisi hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mama yenu anakula kidogo kidogo, nami leo natimiza siku ya thelathini na tatu ya eda.

Najua hatukuwa watu wa kuandikiana. Tangu tumzike mdogo wako Tahiri hujanisemesha zaidi ya pole, nami sikulaumu, kila mtu na namna yake ya kulia. Lakini nina shida, na mwalimu wa udereva ninayemjua ni wewe tu.

Shemeji Mohsin anataka gari la marehemu liuzwe. "Gari lisilo na dereva ni banda la kuku," asema. Nikamwambia dereva nitakuwa mimi. Alicheka mpaka akakohoa. Mama ndiye aliyekata shauri: nikimaliza eda nipewe miezi miwili, nisipopata leseni liuzwe.

Kutoka siruhusiwi, na usukani siujui. Ila nasikia trafiki huanza na maswali ya mdomo, na mdomo ninao. Niandikie maswali, wifi, na alama unichoree, maana alama haisimuliki kwenye simu. Mpe kondakta wa basi la Pangani, watu wa pantoni watanifikishia.

Wifi yako,
Zuleha

Tanga, 17 Februari 2025

Wifi Zuleha,

Waalaikum salaam. Huku wazima, mwambie mama namsalimu, shikamoo yake. Kwamba mdomo unao, hilo halina ubishi.

Nakutumia maswali ishirini na alama thelathini. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inatahadharisha. Duara la bluu linaamuru. Kwenye kipilefti, pale magari yanapozunguka duara, unampisha anayetoka kulia kwako. Nilikuwa na kalamu ya bluu tu, kwa hiyo wekundu uuwaze mwenyewe.

Jibu kwa ufupi. Askari hapendi hadithi, nawe nakujua, ukiulizwa njia ya kwenda sokoni unaanzia kwa babu wa muuza nazi. Tena usijipe matumaini makubwa. Wanaume waliokuwa utingo miaka kumi wanafeli hapo hapo mdomoni.

Wifi yako,
Asmahani

Ushongo, 7 Machi 2025

Wifi yangu,

Saumu njema, na salamu nyingi kwa watoto. Sisi tunafunga, alhamdulillahi.

Wekundu nimeupata. Mama alinipa hina, nikazipaka alama zako ukingo mmoja mmoja. Mimi katika eda nimekatazwa hina, karatasi haijakatazwa.

Sasa nikwambie jambo, usinicheke. Nikijilaza baada ya adhuhuri namwota Tahiri. Bahari imekupwa mpaka mbali, na pale palipokuwa maji pana barabara nyeupe. Alama zako zimesimama kwenye mchanga, wekundu wake ni wa hina. Mimi niko kwenye usukani, yeye kushoto kwangu na kanzu yake ya Ijumaa, ananiuliza maswali. Nani apite kwanza? Hii inakataza nini? Najibu yote. Gari halina sauti na wala sijui nalikanyaga vipi, linakwenda tu, na kaa wanatupisha. Nikiamka najua majibu ambayo sikuyajua nilipolala.

Na hili hujaniuliza, ila nataka ulijue. Asubuhi ile tumbo lilipomshika, gari lilikuwa mlangoni, lina mafuta, ufunguo uko msumarini. Yeye hakuweza hata kukaa. Mimi sikujua hata kuliwasha. Nilikimbia nyumba hadi nyumba, madereva wote walishaondoka na samaki. Aliyepatikana alifika adhuhuri. Daktari akasema tungewahi saa mbili tu nyuma, angeponywa. Silitaki gari kwa fahari, wifi. Sitaki tena kukaa na mgonjwa huku nikiutazama ufunguo.

Wifi yako,
Zuleha

Ushongo, 9 Aprili 2025

Wifi Asmahani,

Idd Mubarak, ingawa imepita. Hujambo? Mwezi umepita sina barua yako. Kama nimekuudhi kwa niliyoyaandika, nisamehe, lakini maswali usininyime. Nimeyamaliza ishirini. Mama ananiuliza akichambua mchele, na sasa hata yeye anajua umbali wa kuegesha kutoka kwenye njia panda.

Wifi yako,
Zuleha

Tanga, 21 Aprili 2025

Zuleha mdogo wangu,

Mimi mzima wa mwili. Kalamu ndiyo iliyokuwa nzito.

Mwaka juzi, Idd ya kuchinja, Tahiri alinijia hapa. Akasema, "Dada, mfundishe mke wangu kuendesha." Nikamjibu, "Akaendeshe nini kule, minazi?" Tukacheka sote. Hakuniambia tena.

Barua yako niliisoma ndani ya gari la shule. Mwanafunzi alinisubiri nje mpaka akachoka akaenda zake. Msibani sikukusemesha kwa kuwa nilikuona wewe ndiye uliyemchelewesha. Kumbe mcheleweshaji ni mimi. Nina aibu, na nimelia sana. Nisamehe ukiweza.

Siku utakayotoka eda utanikuta mlangoni. Utakaa kwangu mpaka leseni ipatikane. Maswali arobaini mengine haya hapa, na safari hii nimenunua kalamu nyekundu.

Dada yako,
Asmahani

Ushongo, 15 Julai 2025

Dada yangu,

Hujambo na safari ya kurudi? Sisi wazima wote, mama anakuombea dua kila sala.

Uliponiacha mlangoni kwa trafiki hukusikia yaliyosemwa ndani, na njiani sikuweza kukusimulia. Afande Kristofa aliniuliza maswali tisa, nikajibu kwa ufupi kama ulivyonikanya. La kumi akauliza, "Dereva akizidiwa na ugonjwa njiani afanye nini?" Nikasema aegeshe pembeni, awashe taa za hatari, amwachie usukani aliye naye. Akaniangalia juu ya miwani. "Na kama aliye naye hajui kuendesha?"

Hilo halikuwamo katika maswali yako sitini. Akashika kalamu aandike. Ndipo nikamwambia, "Anajua, afande. Sasa anajua." Machozi yakanitoka mbele yake. Akanigongea muhuri. Ya usukani uliyaona mwenyewe.

Shemeji Mohsin ameiona leseni, akaigeuza mbele na nyuma, akanirudishia. Amesema tairi la nyuma linataka upepo.

Leo nimempeleka mama hospitali Pangani kupima presha. Alipanda huku akisoma ayatul kursi, ameshika mlango kwa mikono miwili. Tulipofika kwenye minazi ya katikati sikumsikia tena. Nikageuka kidogo, nikamkuta amelala, mdomo wazi. Nikapunguza mwendo, nikawa nakwepa mashimo nisimwamshe.

Mdogo wako,
Zuleha