Nyota Asizoziona Elibariki

Jumamosi, 26 Julai

Nimerudi. Chai iko jikoni, vidole bado vinauma kwa baridi. Tumekipata Kilimia, kile kishada cha nyota, juu ya Mlima Meru kabla wingu halijafunga. Picha chache nzuri, nyingine za kufuta.

Tulikuwa watatu, kama kawaida. Salma ni nesi. Elibariki ana kitalu cha miche Olmotonyi, na tunapigia picha kwenye uwanja wa nyasi juu ya shamba lake. Miaka sasa, mwezi usipokuwepo, tunapanda pale kabla ya alfajiri. Studio yangu hapa Sakina inanilisha kwa pasipoti na harusi. Nyota hazinilishi. Lakini bila hawa wawili ningekuwa mtu mkavu sana.

Leo tumeharibiana. Taa zote zilikuwa zimezimwa. Elibariki akatembea moja kwa moja hadi kwenye stendi ya kamera ya Salma. Kamera ikaangukia jiwe, lenzi ikapasuka. Salma alijinyima mengi kuinunua. Elibariki hakusema hata samahani. Alicheka.

“Nani anaweka stendi njiani?”

Hapakuwa na njia pale. Nilimchukia.

Alhamisi, 31 Julai

Salma amejitoa kwenye kundi letu la simu. Nimempigia. Anasema Elibariki anakunywa.

Nilibisha. Baadaye, nikikata picha za pasipoti, nikaanza kukumbuka. Anajikwaa hovyo. Pikapu yake haitoi tena alfajiri, anasubiri nimpitie. Picha zake nyingi za mwaka huu hazijatulia. Nikaamini na mimi.

Jumapili, 10 Agosti

Hakuna kitu. Mwezi mkubwa, wingu, ibada, kufua. Nimewakumbuka.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimewabembeleza wote wawili wiki nzima. Salma atakuja, ila hataongea naye. Nitamwazima lenzi yangu ya zamani. Mbingu ni safi tangu jana. Nimepanga vifaa kama mtu anayekwenda kusuluhisha ndoa.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika kabla sijalala.

Tulifika vizuri. Salma alisimama upande wake, Elibariki upande wake, mimi katikati kama mjinga. Kisha Elibariki akasema anasogea kidogo ili mti utoke kwenye picha. Nikasikia majani, mawe, halafu kimya. Alikuwa ameingia kwenye korongo. Lile lile korongo la shambani kwake, analolijua tangu anatambaa.

Salma ndiye aliyeshuka kwanza. Yeye, aliyekuwa haongei naye. Mguu ulikuwa umeteguka, haukuvunjika. Akamnusa mdomo waziwazi, bila aibu. Chai ya tangawizi tu. Akazima tochi, tukabaki na mwanga wa nyota. Akainua mkono mbele ya uso wa Elibariki.

“Vidole vingapi?”

“Salma, acha.”

“Vingapi, Elibariki?”

Mimi nilikuwa juu ya ukingo na nilikuwa naviona vile vidole.

Elibariki akasema pale pale, amekaa kwenye mawe. Nyota hazioni. Huu mwaka wa pili. Mchana anaona, ingawa pembeni pameanza kufunga. Giza likiingia, kwake ni ukuta.

Nikamuuliza sasa anakuja kufanya nini huku.

“Kamera inaziona,” akasema. “Nikifungua picha kwenye kioo, na mimi naziona. Hapo tu.”

Salma akaanza kulia, na Salma halii hovyo. Nikashuka na mimi. Tukakaa watatu korongoni hadi kukapambazuka, kwa sababu hatukuthubutu kumpandisha gizani. Stendi zilibaki juu peke yake. Hakuna aliyepiga picha.

Mimi nilimwita mlevi moyoni mwangu mwezi mzima. Naona haya.

Jumanne, 26 Agosti

Salma amempeleka kwa daktari wa macho. Ugonjwa wa ukoo. Hauna dawa. Utakwenda polepole, hakuna anayejua polepole kiasi gani. Baba yake Elibariki alikuwa hatoki nje usiku na watu wakasema ni maringo.

Daktari anataka kumwona Nuru, binti yake. Elibariki kakataa. Mama Nuru hajui lolote, na Elibariki ametuapisha tusimwambie. Anasema akimwambia mkewe kuhusu macho yake, swali la pili litakuwa mtoto, na hilo hawezi kulijibu.

Salma amekasirika upya. Safari hii nipo upande wake.

Ijumaa, 29 Agosti

Mama Nuru amekuja studio. Nilidhani anataka picha. Alisubiri mteja atoke, akafunga mlango.

“Dada Neema, niambie ukweli. Ni wewe au ni Salma?”

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Mume anayeondoka alfajiri na wanawake wawili. Mume ambaye jioni hataki tena kutoka naye, hata kwenye sherehe ya mdogo wake alikataa kwenda. Anarudi na mguu umefungwa na hasemi ameangukia wapi. Mimi pia ningefikiri hivyo.

Nikamwambia si mimi, si Salma, si mwanamke yeyote.

“Basi nini?”

Nilitaka kusema. Lakini nilikuwa nimeapa. Nikamwambia akamuulize mumewe leo, na asikubali kujibiwa kwa mzaha. Aliniangalia sana. Akaondoka bila kuaga.

Nikampigia Elibariki. Nikamwambia mkeo anaamini una mwanamke. Mwambie wewe kabla jua halijazama, la sivyo nitapanda huko nimwambie mimi. Akasema, “Umeniapia, Neema.” Nikasema ndiyo, na nitavunja.

Akakata simu.

Jumamosi, 30 Agosti

Elibariki hajapiga. Jana jua lilizama na sikupanda, niliishiwa ujasiri. Nimepiga picha harusi Engutoto, bibi harusi mzuri, sikuona kitu. Pengine nimempoteza rafiki. Pengine wawili.

Jumatatu, 1 Septemba

Ujumbe wa Mama Nuru, mfupi: “Amesema. Tumelia. Kesho tunampeleka mtoto.”

Jumanne, 2 Septemba

Nimekaa na simu mkononi siku nzima. Mteja mmoja nimempiga picha amefumba macho.

Saa kumi Salma akapiga. Nuru yuko salama kwa sasa. Daktari atamwangalia kila mwaka. Hiyo “kwa sasa” siipendi, lakini nimeipokea. Kisha Salma akasema Elibariki amemwomba msamaha kwa ile lenzi. Alichelewa, akasema Salma, ila ameomba vizuri.

Jumapili, 21 Septemba

Jana tulipanda wanne. Mama Nuru alimshika mumewe mkono kutoka kwenye gari hadi uwanjani, akimwambia hapa kuna jiwe, hapa inua mguu. Elibariki alifunga kamera kwenye stendi kwa kupapasa, haraka kuliko mimi. Fokasi akamwachia Salma. Tukamwelekeza wapi pa kuelekeza, yeye akabonyeza.

Mama Nuru hajawahi kuja miaka yote hii. Tulimwambia asitikisike ile nusu dakika kamera inapobaki wazi kukusanya mwanga. Akatikisika. Baridi, akasema, na pia alikuwa anamvutia mumewe shuka mabegani.

Leo baada ya ibada nimezifungua picha za kamera yangu. Ziko nzuri kadhaa, Meru imekaa safi, nyota zimechomoza vizuri. Na ipo moja iliyoharibika. Elibariki amesimama wima, anaonekana kila kitu hadi vifungo vya koti. Kando yake kuna ukungu wenye umbo la mwanamke, mikono haijulikani imeanzia wapi.

Nilimtumia zote. Amechagua hiyo. Anataka kubwa, ya sebuleni.

Mashine inachapa sasa. Nje wanafunga maduka. Nitaisubiri ikauke.