Siku Kumi na Moja za Maji Moto

Zarja mwanangu,

Nakusalimu mimi mjomba wako Drejc, ambaye nguruwe wake wa mwaka huu amevunja mizani ya kijiji.

Mama yako hajambo, ila juzi alilia. "Kaka, mtoto anaacha utafiti. Wakubwa wa jarida la sayansi wanasema vipimo vyake ni vya uongo. Eti maji ya pangoni yanafikaje nyuzi thelathini mwezi wa Desemba?"

"Hao pango wamewahi kuliona?" nikamjibu. "Mimi nimetambaa humo mara elfu tatu, nyingine nikiwa usingizini!"

Halafu nikakumbuka jambo, nikaweka kijiko chini.

Sikiliza, mwanangu. Kile kipimajoto chako cha pangoni, kinachojiandikia joto chenyewe usiku na mchana, ulichoniachia nikilinde, Desemba iliyopita nilikitoa majini. Tulikuwa tumechinja nguruwe, wageni wamejaa, nami nikasema hapa kijijini sayansi inaniamini mimi tu. Jirani Lojze akacheka, "Muongo wewe! Hata mbuzi hakuamini." Ningefanyaje? Nikakileta, nikakitundika juu ya jiko, katikati ya soseji. Theluji ikaziba njia ya pangoni. Nilipokirudisha sikukwambia, kwa aibu.

Basi toa siku zangu kumi na moja, tarehe saba hadi kumi na saba. Miaka minne iliyobaki ya vipimo vyako ni maji yako halali, na wale mijusi wako weupe wanaoishi humo kwenye maji baridi ni mashahidi. Waandikie wakubwa hao jina langu kamili, na kosa langu lote. Kazi usiiache.

Soseji zilizobaki za siku zile nakutumia. Hakuna nyingine duniani zilizopimwa kisayansi.

Mjomba wako, mharibifu wa Desemba,
Drejc