Siku Losike Alipoacha Kutafsiri

S.L.P. 21,
Lodwar.
9 Novemba 1975

Mpendwa Shangazi Wanjugu,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye joto. Je, mguu umepata nafuu? Na baridi ya Nyeri haijakuzidi? Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo, na mchanga naula kila siku pamoja na ugali.

Katika barua yako uliuliza kama kazi hii ya ustawi wa jamii naiweza. Nimechelewa kujibu; soma kwanza yaliyonipata.

Mwezi uliopita tulitumwa Kakuma, mimi na mwenzangu Losike. Yeye ni Mturkana mpole, anayeweza kukaa asubuhi nzima bila kutoa neno. Mto ambao huwa mkavu ulikuwa umejaa maji ghafla, ukamchukua binti wa mama mmoja aitwaye Awoi. Awoi alibaki na mtoto mchanga wa miezi miwili, naye akakataa kumnyonyesha.

Unanijua nilivyo. Nikimwona mtu ana huzuni, mdomo wangu hautulii. Nilimshika mikono, nikamwambia Mungu anampenda, nikamwambia ajikaze kwa ajili ya huyu aliyebaki. Losike alitafsiri. Awoi akageuza uso. Siku ya pili nikaongeza maneno, na ya tatu nikayaongeza tena. Maziwa tuliyomnywesha mtoto kwa kijiko aliyatapika, na kilio chake kilikuwa chembamba kama cha paka.

Siku hiyo ya tatu nilikuwa nikisema, Losike akanyamaza.

"Mbona hutafsiri?" nikamwuliza.

"Mugure, huyu mama hana mahali pa kuweka maneno haya yote."

Nilikasirika, Shangazi, sikufichi. Nikaenda kukaa garini. Kutoka huko nilimwona Losike ameketi chini, mbali kidogo na Awoi. Akatoa tumbaku yake, akammegea. Wakakaa. Jua likapanda mpaka utosini, nami nikachoka hata kukasirika. Mwishowe, kama alivyonieleza baadaye, akamwuliza jambo moja tu, ambalo kwa siku tatu mimi sikuwa nimeliuliza: binti aliitwa nani.

"Akal," Awoi akasema. Akalirudia jina lile, halafu akalia kwa sauti iliyonishusha garini. Kabla jua halijatua alimpakata mtoto, akampa titi.

Nilirudi Lodwar nimekata shauri kuacha kazi.

Lakini wiki iyo hiyo Omollo, karani wa ofisini kwetu, alipata habari kwamba mkewe amefariki kwao Siaya na amekwisha kuzikwa. Losike akamwendea, akaketi naye kimya vilevile. Kesho yake Omollo alinijia, macho mekundu.

"Yule bwana ananitazama kama hakimu," akasema. "Wewe niongeleshe, Mugure. Nyumba yangu imenyamaza mno."

Nikapika chai. Nikamwuliza walikutana wapi, na mkewe alipenda kuimba nini akipika. Tukaongea mpaka akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Nilipomweleza Losike, aliinamisha kichwa. "Kumbe na mimi nimemwumiza mtu," akasema. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mwenyewe.

Sasa kabla ya kumwendea mtu tunaulizana nani atangulie. Mara nyingine tunakosea hata hivyo. Yuko mzee mmoja asiyetutaka sote wawili. Anamtaka mpishi wa misheni, basi tunamwita mpishi. Hata hivyo, zile siku tatu ambazo mtoto alikaa na njaa nami nikihubiri bado zinanichoma.

Jana Losike alirudi kutoka Kakuma. Mtoto amenenepa, anashika vidole vya watu. Na Awoi amenitumia ujumbe: "Mwambie yule wa maneno mengi aje. Sasa naweza kumsikia."

Nilimwomba Losike aurudie mara mbili. Jumatatu naondoka na lori.

Nisalimie Wainaina na mkewe, na umwambie Mama nitamwandikia peke yake. Mwenyezi Mungu akutunze, akupe usingizi mwema na majirani wema.

Ni mimi mwanao nikupendaye siku zote,
Mugure