Mashine Imetulia, Joto Linapanda

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: Moto katika maktaba ya wanakijiji, Mtambile
Jina: Modester Dionis Rwegasira
Umri: Miaka 31
Kazi: Mwalimu wa kompyuta, sekondari
Dini: Mkristo
Makazi: Konde, Pemba
Tarehe ya maelezo: 15/09/2025, saa 3:20 asubuhi

Mimi ni mzaliwa wa Bukoba na huu ni mwaka wangu wa sita Pemba. Mbali na kufundisha, najitolea kuitunza kompyuta ya maktaba ya Mtambile, ambamo wanafunzi husoma vitabu na mitihani ya zamani. Naitunza nikiwa Konde, kwa njia ya mtandao. Ni mashine kuukuu, haistahimili programu nzito. Kwa hiyo mnamo tarehe 10/09/2025 niliiwekea programu ndogo sana ya kuangalia hali yake. Haina picha wala vitufe. Unaiwasha kwa kuandika amri, kisha inakaa ndani kimyakimya, na kila baada ya sekunde kumi inaniletea mstari mmoja: mashine ina kazi kiasi gani, feni inakwendaje, joto limefika wapi. Nakiri niliifurahia kupita kiasi. Siku hizo tatu nilikuwa naitazama hata wakati wa kula.

Mnamo Jumamosi tarehe 13/09/2025, saa 4:17 asubuhi, nikiwa nyumbani kwangu Konde, niliutazama mstari mpya nikaona joto ni nyuzi 58. Kawaida yake ni 41. Nilidhani feni imekufa. Lakini mstari huohuo ulionyesha feni inazunguka kwa kasi yake yote, na mashine haina kazi yoyote, kwa kuwa Jumamosi maktaba haifunguliwi. Mstari uliofuata ulisema 59. Uliofuata, 61. Nikasimama. Kompyuta iliyotulia haichemki hivyo. Nilielewa kwamba joto lile halitoki ndani ya mashine, linatoka chumbani.

Saa 4:19 nilimpigia Bi Mwatum Khamis, mtunza maktaba, ambaye Jumamosi huenda kufagia. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikampigia Bwana Hafidh Ishak, mwenye duka linalotazamana na maktaba.

Akaniambia, "Mlango umefungwa, Mwalimu. Na watu wote leo wako mikarafuuni."

Nilimuuliza kama anaona moshi. Akasema haoni. Nikamwomba azunguke nyuma, aguse ukuta wa stoo ya betri za sola, kwa sababu stoo hiyo imepakana na chumba cha kompyuta. Alikwenda na simu mkononi. Nilimsikia akisema, "Lahaula." Kisha akasema, "Ukuta hauguswi huu."

Nilimwambia asikate. Nikachukua simu yangu ya pili, nikampigia tena Bi Mwatum. Bwana Hafidh akaninyamazisha.

"Kuna simu yalia ndani," akasema.

Kwenye kioo joto lilikuwa 66. Nikamwambia avunje mlango wa mbele, na ule wa stoo asiuguse kabisa. Alivunja kwa mtaimbo. Nilisikia mbao zikipasuka, nikasikia akikohoa, kisha nikawa sisikii mtu. Kimya kile nilikihesabu kwa mistari ya kompyuta. Ilipita sita: 71, 72, 74, 75, 77, 79.

Saa 4:26 alirudi kwenye simu akihema. "Nnaye. Yu hai. Alikuwa kajifungia, kajilaza mkekani, kichwa chamuuma, moshi ushamlevya."

Nilipiga kelele mpaka jirani yangu Joyceline akaingia mbio akidhani nimefiwa. Alinikuta nacheka na machozi yananitoka, naruka, namwonyesha namba ambazo yeye hazielewi. Akaruka na mimi.

Mstari wa mwisho ulinifikia saa 4:31, nyuzi 93. Baada ya hapo mashine haikuleta kitu. Zimamoto waliuzima moto, stoo na chumba cha kompyuta vikiwa vimeteketea. Vitabu vya chumba cha mbele vilipona. Nimesikia watu wakisema kompyuta ndiyo iliyowasha moto. Mistari yote ilihifadhiwa kwangu Konde, nami nimeichapisha na kuileta. Inaonyesha mashine haikuwa na kazi yoyote tangu alfajiri.

Siku hiyohiyo alasiri nilimkuta Bi Mwatum hospitali, amekaa kitandani, sauti imemkauka.

"Weye ulikuwa Konde," aliniambia. "Nani kakwambia?"

Nikamjibu ni kompyuta.

"Nayo ndiyo iliyoungua, maskini," akasema. Akanishika mkono, na hakuuachia mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha.

Hayo ndiyo maelezo yangu, niliyoyaona kwenye kioo na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimeyatoa kwa hiari, nami niko tayari kuyarudia mbele ya mahakama.

Sahihi ya shahidi: M. D. Rwegasira

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Pandu Jaribu. Nimepokea kurasa arobaini zilizochapishwa, zimewekwa kuwa kielelezo. Shahidi ameyasoma maelezo mwenyewe, amesahihisha dakika moja, saa 4:18 kuwa 4:17, akasema dakika hiyo ina mistari sita, kisha akatia saini mbele yangu.