Kisigino Juu ya Kigoda

Jumatatu, 3 Juni 1974
Kulia kumi na tano. Kushoto sita. Chali sakafuni, kisigino kimoja juu ya kigoda, mguu mwingine hewani, inua nyonga, shusha polepole. Mganga wa zahanati alisema mguu mmoja mmoja, la sivyo mzima utaubebea mgonjwa. Msuli wa nyuma ya paja unawaka moto. Mchujo wa wakimbiaji wa mkoa ni tarehe 22, Mbeya. Nina miaka ishirini na saba. Nikikosa mwaka huu, basi tena.

Alhamisi, 6 Juni
Kushoto saba. Nimelia.

Jumanne, 11 Juni
Ukungu siku ya nne. Sakafu ya udongo baridi, msuli umekakamaa. Tisa, kwa taabu. Asajile, mume wangu, ameniombea nafasi kwenye lori la kijiji. Angalau yeye.

Ijumaa, 14 Juni
Lo, mjinga mimi! Jua lilitoka, nikatandika mkeka uani. Baba mkwe alikuwa shamba la ujamaa. Miaka mitano tangu niolewe, kama mila yetu itakavyo, sijamtazama usoni, wala yeye mimi. Akifika kwenye kona hukohoa, nami hujificha. Leo alikohoa, nina hakika. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, sikumsikia. Kumi na moja, nyonga juu, gauni limeporomoka hadi mapajani, nikageuza kichwa. Yeye huyo. Aliangusha jembe, akarudi alikotoka.

Jumamosi, 15 Juni
Mzee hali chakula changu. Mama mkwe kasema, "Mke wa mtu, unajiinua hivyo mchana kweupe?" Kaamuru nisitoke ndani mpaka baba yangu alete ng'ombe wa kuniombea radhi. Baba ana ng'ombe mmoja tu, kule Kisondela. Wadogo zangu wanakunywa maziwa yake.

Jumatano, 19 Juni
Asajile amerudi kutoka Kisondela kwa baba. Baba ataleta ng'ombe Jumapili. Jumapili! Mchujo Jumamosi. Nikamwambia nitapanda lori hivyo hivyo. Akasema, "Ukipanda, usirudi."
Namchukia. Namchukia mzee. Najichukia zaidi.

Jumamosi, 22 Juni
Lori limepita asubuhi. Walinipigia honi mara mbili. Nilikuwa chali, kisigino kwenye kigoda. Kushoto kumi na tano. Hakuna maumivu.
Nimekirudisha kigoda jikoni. Baba mkwe amepita nje, akakohoa. Safari hii nimemsikia.