Hidrojeni Inaenda kwa Mwenye Nyingi

Papa, wewe uliyelala kaburini Mpala,

Nimepata Egzetata! Mtihani wa serikali, Papa, asilimia sitini na saba! Kaka alipata hamsini na mbili, tena mara ya pili, na ukamchinjia mbuzi. Mimi ulinitoa shuleni mwaka wa nne ili yeye aendelee. "Wewe njo unajua hesabu," ulisema, "utauza ndagaa." Miaka ishirini na moja nimeuza. Kemia nimejisomea mwenyewe sokoni, kitabu magotini.

Na unajua nani alinikosesha jibu mwaka jana? Wewe. Unakumbuka mtumbwi wako ukifika na ndagaa, akina mama wamekuzunguka? Ulikuwa unaanza kumpimia mwenye beseni tupu. Mwingine akilalamika, unamfokea: "Uko na nusu beseni, unalilia nini? Ngoja mwenzako!"

Basi nikakutana na propene. Kaboni tatu, na kati ya mbili kuna kifungo maradufu. Ukileta hidrojeni bromidi, nusu ya kifungo inakatika, kila kaboni inabaki na mkono wazi: mmoja ushike hidrojeni, mwingine bromini. Ya pembeni tayari ina hidrojeni mbili, ya katikati moja tu. Mimi nikaiongezea ya katikati, maskini. Kosa! Mwaka jana niliandika hivyo hivyo, nikaanguka na arobaini na tisa, kasoro moja tu. Arobaini na tisa, Papa!

Nikarudi kitabuni, nikasoma polepole: hidrojeni inaenda kwa kaboni yenye hidrojeni nyingi. Nikacheka mpaka wateja wakanishangaa. Halafu nikafunga kitabu. Ufukweni ulikuwa mwenye haki. Nyumbani ulikuwa propene. Tangu hapo sikukosea tena. Kila swali najiuliza tu, kwetu nani angepewa?

Jana ujumbe ulipoingia kwenye simu nilipiga kelele, jirani akadhani kuna moto. Kaka alikuja mbio na kopo la poda, ile ya kumpaka aliyefaulu, akanimwagia lote kichwani.

"Mudogo yangu, leo tunakupaka kama mutoto wa shule!"

"Kaka, niko na miaka thelathini na nane!"

"Basi poda njo imechelewa."

Tukacheka. Kisha akashika kopo tupu, akaniambia bila kunitazama, "Nafasi ile ilikuwa yako."

Neno hilo nililitaka kinywani mwako, Papa. Nimelipokea kwake.

Pumzika. Hasira bado ninayo kidogo.

Binti yako, mwenye diploma ya serikali