Msiba Nilioupeleka Ng'ambo ya Ruvuma

Mkotokuyana,
Nachingwea.
21 Septemba, 1952.

Mpendwa mdogo wangu Kipriani,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Korogwe, na miba ya mkonge imekuachia vidole vya kuishikia. Sisi hapa hatujambo kwa kiasi. Shemeji yako Benedikto alishikwa na homa, sasa ameanza kula. Watoto niliwaacha Ruangwa kwa bibi yao mzaa baba, wamerudi wanene kuliko nilivyowapeleka. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio haujatulia, na sababu ni wewe.

Usishangae nimekupata vipi. Bashiri wa hapa kijijini amemaliza mkataba wake huko, akaniambia mlikaa kambi moja, umenenepa, na una baiskeli yenye kengele mbili. Miaka tisa, Kipriani, bila hata salamu ya mdomo, kumbe mwenzetu unapiga kengele. Nilicheka, nikalia, kisha nikafunga mzigo niende kwetu, upande wa Wareno, kumwambia mama kuwa uko hai. Habari kama ile si ya kumtuma mtu.

Sasa soma uone nilivyoifikisha.

Nilipata lori la kwenda Masasi, limebeba mapipa ya lami. Nikajibanza katikati ya mapipa, usingizi ukanichukua, nikaegemeza kichwa kwenye pipa lililokuwa likivuja. Nilipotaka kuamka, kichwa kilikataa kuja. Utingo alinivuta huku akicheka mpaka akaishiwa nguvu. Mafuta ya taa hayakusaidia kitu. Masasi mama mmoja alinihurumia, akachukua wembe akanimaliza nywele zote, nikabaki kama yai. Kanga zangu nazo zilikuwa hazifai tena, na duka la karibu lilikuwa na kaniki tu. Nikavaa kaniki.

Ruvuma ilikuwa na maji machache, lakini mimi ni yuleyule unayemjua. Nilisimama kwenye mtumbwi wakati wa kukaa, nikaingia majini na mzigo wangu, nikapiga makelele ya mtu anayekufa. Mwenye mtumbwi alinitazama akasema, "Dada, simama basi." Nikasimama. Maji yalinifika kiunoni. Nililala na nguo mbichi, na kulipokucha sauti ilikuwa imekauka kabisa. Hata kunong'ona kulinitia uchungu.

Kwetu mwanamke akitokea njiani amenyoa kichwa, amevaa kaniki, na hasemi neno, watu wote wanajua amekuja na nini. Mimi nilizaliwa pale, nimenyolewa misibani mara ngapi, na jambo hilo halikunipitia akilini hata kidogo. Nilikuwa natembea nikifurahi peke yangu kwa habari niliyoibeba.

Wanawake waliokuwa wakitwanga walisimamisha michi. Hakuna aliyenisalimu. Mama alikuwa amekaa nje kwa mjomba Eustace. Macho yake siku hizi yameingia ukungu, haoni ila mwanga. Nikapiga magoti mbele yake. Akanipapasa uso, akanijua, akaanza kucheka na kuliita jina langu. Halafu mkono wake ukapanda kichwani. Ukakaa pale. Watoto tuliobaki ni mimi na wewe tu, Kipriani, na mimi nilikuwa mbele yake. Akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia, na kijiji kizima kikaitikia.

Nilimnong'oneza kuwa uko hai. Nikamwendea mjomba, nikamwambia sikioni. Mjomba akanishika bega akasema, "Umefanya vema, mwanangu. Mpe polepole, asije akaanguka." Maana wewe unajua desturi yetu: aliyeleta msiba hausemi mara moja, huanza kwa kusema mgonjwa ana nafuu. Kila nilivyokataa ndivyo walivyozidi kunihurumia. Sauti iliporudi niliapa mbele ya wazee, nikawaeleza lami, nikawaeleza na kengele za baiskeli. Wakasema uchungu umenipanda kichwani, wakanipa uji.

Watani nao wakaja kama ilivyo ada. Mmoja alivaa gunia, akaweka jembe begani, akatembea kwa miguu ya kutazama nje, vilevile unavyotembea wewe. Mama akauliza watu wanachekea nini, akaelezwa, akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaulaza uso wake gotini pangu. Na mimi nilikuwa nimecheka, Kipriani. Naona haya mpaka leo.

Nakuambia bila kukuficha: mama hali chakula cha kueleweka, na mgongo wake umebaki mifupa. Usitume picha, hawezi kuiona. Ukituma barua, ataambiwa imeandikwa na mtu mwingine ili kumfariji. Anataka mkono wako mkononi mwake, basi. Omba ruhusa, vunja mkataba, uza hiyo baiskeli, mimi sijali. Ila uje kabla ya mvua, kwa sababu Ruvuma ikishajaa havuki mtu, na sidhani mama atakuwepo itakapopungua. Nimekukasirikia sana. Nakupenda pia, na vyote viwili vinaniuma mahali pamoja.

Shemeji yako anakusalimu, na watoto wanamsalimu mjomba wao ambaye hawajamwona. Klementina, binti wa mjomba, ndiye anayemlaza na kumwogesha mama. Ukimwombea Mungu mtu yeyote, mwombee yeye. Msalimie kila mtu wa kwetu aliye kambini. Bwana akulinde njiani, akufikishe ukiwa na nywele zako.

Nilipoagana na mama alinipa kitambaa cheupe, amekikunja vizuri. Aliniomba nifike Korogwe nimletee ndani yake udongo wa kaburi lako, apate kuushika. Sikuweza kukataa. Kiko hapa mezani ninapoandika. Njoo ukichukue, umrudishie mwenyewe kikiwa kitupu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Magreti